Sahani zinazodai: kisa cha mama wa vitumbua aliyepunguza wanga mwezi wa Ramadhani

Mwenye kisa hiki anaishi Ngamiani, Tanga. Ana miaka hamsini na kitu, mjane, anakaa na binti yake na wajukuu, na kazi iliyowalea watoto wake wote ni vitumbua. Miezi ya kawaida huuza asubuhi barazani kwake. Ramadhani ikiingia huhamia alasiri, na juu ya vitumbua huongeza kaimati na mkate wa kumimina, maana mwezi huo humwingizia fedha kuliko mwezi mwingine wowote. Ana kisukari cha aina ya pili, amekijua kwa miaka kadhaa. Amenipa ruhusa ya kuandika, nami nimebadilisha mambo madogomadogo ili asitambulike.

Nimekichagua kisa chake kwa sababu kinagusa jambo ambalo ushauri mwingi wa lishe hulipita pembeni. Mtu akipunguza wanga tunamwambia ajikaze, awe na nia, akatae. Mama huyu nia alikuwa nayo tele. Kilichomwangusha ni sahani alizoletewa, kila moja na mtu nyuma yake anayestahili heshima. Kikundi chake hakikumfaa sana kilipokuwa kinamhimiza. Kilimfaa kilipoanza kushughulika na sahani zenyewe: nani kaleta, inakwenda wapi, inarudi na nini.

Kikundi chenyewe kilitoka ndani ya chama cha hisa. Wanawake kumi na wawili wa mtaa, wanakutana Jumamosi jioni, wananunua hisa, wanakopeshana, anayechelewa anapigwa faini. Wanne wana sukari, wengine presha au uzito, na wawili hawaumwi chochote ila wamo kwa ajili ya wenzao. Novemba 2024 mmoja wao alirudi Dar es Salaam na habari za dada yake aliyeacha ugali na wali, sukari ikashuka. Wakaniita niwaeleze. Tukakubaliana wasikimbilie kuuacha wanga wote. Chini ya gramu 130 kwa siku tayari kunahesabiwa kuwa ni kula wanga kidogo, na wao wakajiwekea kama gramu 100: samaki, mayai, kuku, mboga za majani za nazi, bamia, bilinganya, parachichi, kunde au mbaazi vijiko vichache, na kipande kidogo cha muhogo kwa anayeona hawezi kabisa. Naamini walifanya vizuri kutoingia kwenye ule mlo mkali wa gramu 20 hadi 50. Mji wa pwani unaoishi kwa mihogo, wali na mkate haukuachi uukimbie kwa kasi hiyo.

Mama wa vitumbua alianza kwa moyo wote. Oktoba kipimo chake cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi 3, kilikuwa asilimia 9.4. Kufikia katikati ya Februari, sukari yake ya asubuhi kabla ya kula, iliyokuwa 11 au 12 (kwa mmol/L, kama mashine za kupimia zinavyosoma), ilikuwa inacheza kwenye 7. Viatu vilivyokuwa vinambana vikaanza kumpwaya. Majirani wakaanza kumuuliza kama anaumwa, swali ambalo kila mtu mzima anayepungua uzito uswahilini hulipata, naye akawa anajibu, "Siumwi, najitibu."

Kisha Ramadhani ikaingia, mwanzoni mwa Machi 2025.

Asiyefuturu pwani huenda asielewe uzito wa jambo lenyewe. Futari yetu ni wanga juu ya wanga. Mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi za nazi, tambi za sukari, mbaazi, uji wa pilipili manga, kaimati zilizochovywa kwenye shira, na tende kabla ya vyote. Muhogo uliochemshwa una wanga wa karibu gramu 38 katika kila gramu 100. Sahani moja ya wastani ya mihogo, ya gramu 300, inapita gramu 110 kabla hujagusa tende wala uji. Posho yote ya siku ya mama huyu imekaa ndani ya sahani moja, na yeye alikuwa analetewa nne, tano.

Kuanzia saa kumi na moja jioni watoto wanavuka barabara na sahani zilizofunikwa kawa. Huyu kapeleka magimbi kule, yule kaleta tambi huku. Sahani hairudi tupu. Ukiletewa leo, kesho au keshokutwa inarudi na chochote ulichopika wewe. Kwa mjane, sahani hizo zina maana kuliko chakula kilichomo. Ndizo zinazomwambia kuwa bado ni mtu wa mtaa, kwamba akiumwa usiku kuna mlango wa kugonga. Kumwambia mama wa namna hii "kataa vyakula vya wanga" ni kumwambia akate uhusiano na barabara nzima. Hakukataa. Alipokea kila sahani, akaiweka kwenye mkeka, na adhana ilipolia vyote vilikuwa mbele yake.

Wiki ya kwanza hatukujua lolote, na hapo ndipo kosa la kikundi linapoonekana. Tangu Desemba walikuwa wameleta faini kutoka kwenye chama chao: kila mmoja atume picha ya sahani yake ya jioni kwenye WhatsApp, na anayekula wanga kupita kiasi alipe shilingi 1,000. Wazo lilionekana la busara, kwa kuwa kwenye hisa faini imewanyoosha wote. Lakini hisa zinahesabiwa mezani mbele ya macho ya watu. Chakula kinaliwa nyumbani, na mwenye kukipiga picha ni mlaji mwenyewe. Faini ikawafundisha watu kuficha. Kwanza picha zikawa nzuri mno, kila siku kolekole na mchicha. Baadaye zikapungua. Walioteleza walinyamaza, na waliobaki wakitamba wakawafanya walionyamaza wanyamaze zaidi.

Mwenyekiti wa kikundi, mama mtulivu ambaye macho yake hayapitwi na kitu, ndiye aliyegundua. Mama wa vitumbua alikuwa ametuma picha ya samaki wa kupaka siku ya pili ya mfungo, na siku ya tano akatuma tena. Sahani ile ile ya maua yenye ufa ukingoni, hilo si ajabu. Lakini kipande cha ndimu kilikuwa kimekaa mahali pale pale, na kimegeuka upande ule ule. Mwenyekiti hakuandika kitu kwenye kundi. Alikwenda baada ya tarawehe, akakaa naye barazani, akamuuliza habari za biashara, za wajukuu, za mguu, na mwisho akasema, "Shoga, mimi sikuja kudai elfu moja." Mwenzake akalia. Ametueleza baadaye kwamba kilichomliza kilikuwa ahueni, maana siku nzima alikuwa anafunga kwa ajili ya Mola na usiku anawadanganya watu wanaompenda, na hali hiyo ilikuwa inamla.

Jumamosi iliyofuata faini ikafutwa. Kwenye WhatsApp swali likabadilika pia. Badala ya "Umekula nini?" likawa "Leo umeletewa nini, na umekifanyaje?" Ukiulizwa umekula nini, umewekwa kizimbani. Ukiulizwa umeletewa nini, unaanza kusimulia, na wenzako wanaanza kufikiri pamoja nawe. Siku ile ile ujumbe ulifurika: nimeletewa ndizi na mama mkwe, nimeletewa tambi na mpangaji, nimeletewa uji wa mchele na bibi wa nyumba ya kona ambaye ana miaka themanini na kapika mwenyewe. Kila mmoja alikuwa na mzigo ule ule, kila mmoja alidhani ni wake peke yake.

Kabla hawajafika mbali na mipango ya sahani, likatokea tukio ambalo lingeweza kuharibu kila kitu. Nalieleza kwa kirefu kwa sababu wengi wanaopunguza wanga huku wanatumia dawa za sukari wanaweza kukutwa nalo.

Ilikuwa katika kumi la pili la mwezi, saa tisa alasiri, joto la Machi limeshika. Mama yuko barazani, chuma cha vitumbua kiko motoni. Jirani yake, mwanakikundi, alikuwa anapita na ndoo ya maji akaona unga unamwagwa nje ya vishimo. Mama ana mkono mwepesi ambao haujawahi kumwaga hata tone, na sasa unga unatiririka kwenye mkaa. Alikuwa ametota jasho, midomo inatetemeka, na alipoitwa alijibu neno lisilohusiana na alichoulizwa. Jirani akaingia ndani akaleta mashine ya kupimia. Kutoboa kidole hakufunguzi, wanakikundi walikwisha kuliuliza hilo mapema. Ikasoma 3.3.

Mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani uko wazi: sukari ikiwa chini ya 3.9, au ikipita 16.6, mgonjwa anafungua, saa yoyote ile. Jirani hakuwa anakumbuka tarakimu zote mbili ila ya chini aliikumbuka. "Fungua, shoga." Mama akasema magharibi imekaribia, zimebaki saa tatu na kidogo tu. "Mgonjwa Mungu mwenyewe kamruhusu," jirani akamwambia, "siku hii utailipa. Ukianguka kwenye moto huu nani atalipa?" Wakati huo wanawake wengine wawili walikwisha kufika, na mmoja, kwa nia njema kabisa, akakimbilia kuleta parachichi, kwa kuwa wao ni watu wa wanga kidogo na sukari ni mwiko. Jirani akakataa. Akakoroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, akamnywesha. Baada ya dakika 15 ikasoma 4.6.

Jirani alikuwa sahihi, na ningependa kila kikundi kama hiki kilishike hili kuliko orodha yoyote ya vyakula. Sukari ikishuka dawa yake ni sukari, kiasi cha gramu 15, papo hapo. Parachichi lina mafuta mengi na sukari kidogo mno, halipandishi kitu kwa haraka. Mlo wa wanga kidogo unasimama pembeni mpaka mtu apone.

Sababu ya kushuka haikuwa saumu peke yake. Mama alikuwa anatumia vidonge viwili vya kisukari, metformini na glibenklamidi. Metformini ikiwa peke yake si kawaida kuishusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi ni habari nyingine, inalazimisha kongosho kutoa insulini, umekula au hujala. Dozi aliyokuwa nayo ilipangwa enzi anakula ugali mchana na wali usiku. Kabla ya mwezi alikwenda kliniki kama inavyotakiwa, akaelekezwa namna ya kuhamishia vidonge futari na daku. Lakini hakumwambia daktari kwamba ameacha ugali na wali tangu Novemba. Aliogopa kufokewa, kwani miaka yote alikuwa ameambiwa ale ugali wa dona, na hakutaka kuonekana mjuaji. Daktari akapanga dawa za mtu ambaye si yule aliyeketi mbele yake. Na zile usiku alizokuwa anakula sahani za mihogo, kwa bahati mbaya, ndizo zilizoficha hatari. Alipoanza tena kula alivyokusudia, baada ya mazungumzo ya barazani, hapakuwa na wanga wa kuikabili ile dawa.

Kesho yake mwenyekiti alimsindikiza. Safari hii walisema yote, na walichukua daftari la vipimo. Hakufokewa. Glibenklamidi ikaondolewa, metformini ikabaki, akaambiwa apumzike kufunga siku kadhaa huku akipima, ndipo aendelee. Anayetumia insulini au dawa za jamii ya glibenklamidi asianze kupunguza wanga kabla hajaonana na aliyemwandikia dawa. Hali kadhalika wanaotumia zile dawa mpya zinazotoa sukari mwilini kupitia mkojo, ambazo zikikutana na mlo mkali wa wanga kidogo zinaweza kuleta hatari ya damu kuwa na asidi hata kama mashine inaonyesha sukari si ya kutisha.

Turudi kwenye sahani.

Mpango walioufanya wale wanawake sikuubuni mimi, na sidhani ningeweza. Waliona kwanza kwamba wao kwa wao wanapelekeana sana. Katika kumi na wawili, karibu nusu ya sahani alizoletewa mama wa vitumbua zilitoka kwa wanakikundi wenzake, ambao nao walipika mihogo kwa sababu ndiyo futari inayoonekana ya heshima. Wakakubaliana wabadilishe kilichomo: pweza wa nazi, kisamvu, mchicha wa nazi na dagaa, bilinganya, mayai kwenye mchuzi. Desturi haikuguswa. Mtoto bado anavuka barabara, kawa bado iko juu.

Zilizotoka kwa wasio wanakikundi zilihitaji akili zaidi. Mama mmoja alikuwa anajaribu kuwaeleza majirani kuhusu wanga, akaishia kwenye ubishi kila jioni, na wengine wakaona anawadharau. Mwenyekiti akasema pokea, shukuru, usieleze. Aliyeleta anataka kuona sahani imepokelewa na imerudi na kitu. Hakuna anayeifuata mpaka ndani kuona nani kaila. Kwa hiyo mjukuu wa mama wa vitumbua akapewa kazi: sahani za mihogo, magimbi na tambi zipelekwe msikitini kabla ya adhana, ambako wapita njia na vijana wasio na familia hufuturu. Nasisitiza ule muda, kabla ya adhana. Sahani ikiwa bado kwenye mkeka wakati mtu ana njaa ya saa kumi na tatu italiwa, nia iwe kubwa kiasi gani. Mwenye sahani anapata thawabu ya kumfuturisha aliyefunga, mama naye anabaki na mkeka unaomfaa.

Kulikuwa na mjadala wa tende, na uliwashughulisha zaidi ya nilivyotarajia. Wengine walitaka waiache kabisa, wafungue kwa maji. Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, akasema haiwezekani, amefungua kwa tende tangu utotoni. Mwingine akakumbusha kwamba inayopendekezwa ni idadi ya witri, yaani isiyogawanyika kwa mbili, na moja ni witri. Tende ndogo moja ina wanga wa kama gramu 5 au 6. Zile kubwa nene, zinazouzwa kwenye maboksi, moja inaweza kufika gramu 18. Wakakubaliana tende moja, ndogo, na maji, halafu supu ya samaki au ya kuku yenye chumvi. Nilifurahia hiyo supu. Mtu akipunguza wanga mwili hupoteza maji na chumvi zaidi, na wakati wa saumu ndipo kizunguzungu kinaposhika. Wenye presha walipunguza chumvi kwa maelekezo ya madaktari wao.

Mzigo wa mwisho ulikuwa wa mama wa vitumbua peke yake: masalio. Vitumbua na kaimati zisizouzwa hadi magharibi zilibaki nyumbani kwake, kwenye sufuria, usiku kucha, na yeye hutoka tarawehe amechoka na njaa kidogo. Alikuwa ametuambia kwamba kaimati ya baridi, shira imeganda, ndiyo hasa inayomshinda. Hapa ndipo wale wawili wasioumwa walipoonyesha faida yao. Mmoja akajitolea kuyachukua masalio yote kila siku, akayauza njiani watu wakitoka msikitini kwa bei ya chini, wakagawana. Mama akapata fedha ambayo zamani hakuipata, na sufuria ikalala tupu.

Nani asingependa kusema hapa kwamba mwezi ukaisha salama? Kwa kweli siku zilizobaki baada ya hapo zilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Idi ndiyo iliyomgonga.

Siku ya kwanza alijipanga. Alikuwa ameafikiana na wenzake kwamba atakula kitu kimoja cha sikukuu, akichague mwenyewe, na si kilichochaguliwa na wenyeji. Akachagua pilau la nyumbani kwa kaka yake mkubwa. Wifi yake alipomwona anapakua nusu sahani na kachumbari nyingi akamwambia, "Wifi, hata leo? Idi haiji kila siku." Akajibu, "Ndiyo maana nimekuja kula pilau lako, wifi, sikula mahali pengine." Jibu zuri, na lilikuwa kweli. Lakini siku ya pili na ya tatu ni siku za kupita nyumba kwa nyumba kutoa mkono wa Idi, na kila nyumba ina sinia la visheti, vileja, halua, keki, na soda ambayo imekwisha kufunguliwa kabla hujakaa. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 au zaidi. Nyumba saba, nane kwa siku. Pale hakuna mjukuu wa kupeleka kitu msikitini, wala hakuna kawa. Unakabidhiwa mkononi na mwenye nyumba anakutazama. Jioni ya siku ya tatu mashine ilisoma 13.8.

Alituma ile tarakimu kwenye kundi, yenyewe tu, picha ya mashine. Mwezi mmoja nyuma asingethubutu. Na majibu hayakuwa "pole" peke yake. Mwenyekiti aliandika: "Sitta tunaanza lini?"

Wengi wa wanawake hawa hufunga siku sita za Shawwal kila mwaka. Safari hii wakazifanya za pamoja, kuanzia siku ya tano ya mwezi, huku kila mwenye sukari akipima mchana. Ukiiangalia kwa jicho la lishe, sitta ina kitu ambacho Ramadhani haina: ni saumu bila futari ya sherehe. Hakuna sahani zinazovuka barabara, hakuna kaimati za kuuza, mtaa mzima umerudi kwenye maisha ya kawaida. Mtu anafungua kwa maji na samaki wake bila kudaiwa na mtu. Kwa mama huyu zile siku sita zilikuwa njia ya kurejea aliyokuwa akiijua tangu ujana, na hakuhitaji mtu wa kumwambia "anza upya Jumatatu". Siku za Ramadhani alizokula kwa ajili ya ugonjwa alizilipa baadaye.

Nimekuwa nikilinganisha kisa hiki na tunachokijua kutoka kwenye tafiti. Chama cha Kisukari cha Marekani kilisema mwaka 2019 kwamba kupunguza wanga ndiyo njia ya mlo yenye ushahidi mwingi zaidi wa kurekebisha sukari. Mwaka 2021 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha mapitio ya majaribio 23. Miezi 6 ya mwanzo waliopunguza wanga walikuwa mbele kwa wazi, walipofika mwaka mmoja tofauti ikapungua sana. Kwa kawaida hilo huelezwa kwamba watu huchoka. Mimi baada ya kuuona mwezi huu wa Ngamiani nadhani kuna sababu nyingine ya kuangaliwa: ndani ya mwaka mmoja kalenda yote ya sikukuu imepita juu ya kichwa cha mtu. Amekutana na Ramadhani yake au Krismasi yake, harusi, maulidi, misiba yenye wali wa sufuria kubwa. Miezi 6 unaweza kuipita bila kukutana na hata moja. Kule Southport, Uingereza, Dk. David Unwin amekuwa tangu 2013 akiwasaidia wagonjwa wake kupunguza wanga, na vikao vya pamoja ni sehemu ya kazi yake. Ningependa kujua watu wake wanaongea nini wiki ya Krismasi. Kwetu ni usiku thelathini mfululizo na siku tatu juu yake, kwa hiyo kikundi kinachozungumzia gramu tu hakitafika.

Mwezi wa Mei HbA1c ya mama ilisoma asilimia 7.1. Hajapona, bado yuko juu ya 6.5, mpaka ambapo kisukari huanza kuhesabiwa, na bado anatumia metformini, lakini anatumia dawa moja badala ya mbili. Uzito ulishuka kutoka kilo 86 hadi 79, na kilo mbili kati ya alizopunguza zilirudi wiki ya Idi kabla hazijaondoka tena.

Gharama ndiyo inayotusumbua sasa. Muhogo ni rahisi, samaki ni ghali. Miezi ya kaskazi, bahari ikiwa shwari, waliweza kuchanga na kumtuma mmoja wao soko la samaki la Deep Sea alfajiri boti zikiingia, akanunua kwa ndoo wakagawana. Kusi ilipoanza kuvuma bei ikapanda, wakahamia dagaa, mayai, kunde na mboga, na wawili wamerudi kwenye ugali wa mchana bila kujificha. Sioni kosa lao. Nimewaambia wapunguze ukubwa wa tonge na waanze na mboga.

Idi Kubwa, mwanzoni mwa Juni, haikuwapa shida, maana ni sikukuu ya nyama. Harusi zilizofuata ndizo zilizowapa, na mama wa vitumbua alialikwa kupika kwenye tatu kati ya hizo.

Jambo moja nilibishana nao, na bado halijaisha. Siku ambazo mjukuu alichelewa au mvua ya masika ilinyesha, sahani za mihogo na tambi hazikufika msikitini, zililiwa na wajukuu, pamoja na kaimati zilizovunjika zisizofaa kuuzwa. Hao ni wajukuu wa bibi mwenye sukari, na mama wa bibi huyo naye alikuwa na sukari. Nilisema hatuwezi kumwokoa bibi kwa kuwahamishia watoto sahani. Wengine walinijibu kwamba mtoto anacheza, anakimbia, wanga anauhitaji, na wana hoja. Wamekubali jambo moja mpaka sasa: Ramadhani ijayo kijana mkubwa wa jirani ndiye atakayepeleka, mvua inyeshe isinyeshe, na kaimati zilizovunjika zitakwenda naye.